Goti la Mbrazili

Nilikuwa mfua jezi katika klabu moja ya Dubai, miaka ya elfu mbili na kumi hivi. Kazi yenyewe haina sifa: unaokota soksi za watu, unazifua, unazipanga. Lakini nyanya yangu alikuwa mchuaji anayefuatwa na watu Mombasa nzima, na mkono wake niliurithi mimi. Hilo lilinitia kiburi.

Kiungo wetu alikuwa Mbrazili wa miaka thelathini na mbili. Alicheza kwao, akacheza Ureno, kisha akaja Dubai kumalizia soka lake. Mkataba ulikuwa ukingoni, na nafasi za wageni zilikuwa chache. Mgeni akiumia, jina lake linafutwa na mwingine anasajiliwa. Ndiyo maana goti lilipoanza kuvimba hakwenda kwa daktari. Alikuja chumba cha kufulia.

"Ndugu, nasikia una mikono," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

Daktari mwenye vyeti ukuta mzima aachwe, nitafutwe mimi! Nilivimba kichwa. Nikamchua kwa mafuta ya nazi na karafuu siku nenda siku rudi, mlango nimeufunga.

Mtanzania aliyekuwa akikata nyasi za uwanja alitugundua, akaniita pembeni.

"Kaka, goti lile lina maji. Mwambie aende kwa daktari."

"Wewe shughulika na nyasi zako. Hii ni kazi ya ukoo."

Niliona ananionea wivu tu.

Siku ya mechi moja Mbrazili alikuja akichechemea. Nilimkandamiza kwa vidole gumba kwa nguvu zangu zote, mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasimama, akaruka mara mbili, akacheka. "Yalla," akasema, akaenda kucheza. Dakika ya ishirini hivi aligeuka na mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Nilikuwa kando ya benchi na taulo zangu. Yowe alilopiga nalisikia hadi leo.

Kesho yake nilipeleka taulo safi kwa daktari, nikamkuta Mbrazili kitandani. Gotini palikuwa na alama nyeusi za vidole, na daktari alikuwa amefura kwa hasira.

"Nani amelishika goti hili? Akiwa mtu wa klabu, kosa ni letu na tutakutibu mpaka upone. Ukiwa umejiharibia mwenyewe, mkataba umevunjika. Khalas."

Mbrazili alinitazama. Alijua nina watoto watatu Mombasa, na alijua kafeel wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, angenipandisha ndege siku hiyohiyo.

"Ni mimi," akamwambia daktari. "Nilijichua nyumbani."

Kusema kweli kulihitaji maneno mawili tu, na kwa Kiingereza niliyajua. Nilipanga taulo kabatini, moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika, nikingoja labda ujasiri unijie. Haukuja. Nikatoka. Nilijichukia, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi.

Wiki ile niliamriwa kubandua jina lake kwenye jezi zote. Akarudi kwao kwa magongo, na hakucheza tena. Mimi niliendelea na kazi yangu pale miaka minne mingine.