Salamu za Bwana Nyundo

Najua utaniita muongo, na haki unayo, maana mimi mtaani najulikana kwa mzaha. Nishawahi kumwambia jirani kwamba mbuzi wake kaonekana anavuka feri, akashuka mpaka kivukoni kumtafuta. Lakini hili si la mbuzi. Hili lilinifika mimi mwenyewe, hapa hapa Timbwani, kwetu Likoni, jua bado liko juu. Ukitaka nikuapie nitakuapia, ingawa ukifika mwisho utaona kwa nini siku hizi naogopa kuapa.

Nilikuwa na redio. Si ya kusikiliza, ya kurusha. Shule niliishia darasa la nane, lakini nyaya na mimi tunaelewana. Mtambo niliuunda kwa vyuma vya redio mbovu, antena nikaifunga kwenye bomba juu ya tangi la maji, na studio ilikuwa stoo ya mama, baina ya gunia la makaa na ndoo ya unga wa mahamri. Leseni? Leseni ya nini, sauti yenyewe ikifika kivukoni ishaanza kukohoa.

Watu walipenda kipindi cha salamu. Baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, nafungua dirisha la stoo linalotazama kichochoro, mtu apita, ataja majina, wimbo ukiisha namrushia. Na sharti tulikuwa nalo: ukitajwa, jibu. Popote ulipo, hata kama uko chooni, sema "zimefika." Salamu isiyojibiwa, nilikuwa nikiwaambia, hukaa njiani kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe.

Sasa sikiliza. Jioni moja aja bibi mmoja dirishani, kajifunga buibui la kizamani, uso mpole lakini macho ya kusuta. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mdomo?"

"Ndimi."

"Basi mdomo wako nauazima. Mwambie Bwana Nyundo dirisha la jikoni halishiki komeo. Mvua yaja, italowa unga."

"Bwana Nyundo ndiye nani?"

"Mwenyewe ajijua. Na mimi usinitaje."

"Ni mumeo?"

"Ndiye."

"Na yuko wapi?"

"Nyumbani. Yuwapi pengine?"

Nikacheka. Mtu wa nyumba moja, amrushia mumewe habari ya dirisha kwa redio! "Bibi, si umwambie mwenyewe?"

"Hatuneni," akasema. "Aliazimisha sufuria langu la pilau harusini bila kuniuliza, likarudi limetoboka kitako. Na yeye ni fundi bati! Mtaa mzima huwatia masufuria yao vitako vipya, langu mimi akalitundika ukutani. Nikaapa sitamwambia neno mpaka aanze yeye. Naye akaapa vivyo hivyo. Tukakaa."

Alinukia kafuri. Mimi nikadhani kalitoa buibui sandukuni, si unajua wazee wanavyohifadhi nguo? Basi nikarusha: "Bwana Nyundo, popote ulipo, komeo la dirisha la jikoni! Anayekupenda kwa hasira hataki ule ugali wa maji ya mvua!"

Weee! Timbwani ikachemka. Kesho yake kila mzee mwenye mke mkali yuwajishuku. Mwenye duka la pembeni alitengeneza madirisha yake yote, kumbe hata si yeye. Na bibi akaanza kuja kila jioni. Mwambie Bwana Nyundo shati la Ijumaa limefumuka kwapani. Mwambie vidonge vyake vya presha viko ndani ya kopo la kahawa, si la chai, ameze, asijifanye kijana. Mwambie asilale na njaa, muhogo upo na mkono wa kumenya anao. Nami natia chumvi zangu, watu wacheka mpaka barabarani.

Mama yangu tu ndiye hakucheka. Alikuwa uani akichoma mahamri, akaniambia, "Siku hizi waongea peke yako sana, mwanangu."

"Ndiyo kazi ya redio, mama."

Nikajiona mjanja kwa jibu hilo. Laiti ningemuuliza alichokuwa akimaanisha.

Halafu ikaja jioni bibi hakutokea, katokea mzee. Hakupita dirishani, aliingia mlangoni. Mrefu, kakonda, kanzu yamning'inia kama iko kambani, na mkononi kashika nyundo. Nyundo ya kweli. Nikaweka wimbo mrefu haraka.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Ni nani akuleteaye maneno haya?"

Hapo nikamjua. "Kumbe wewe ndiye Bwana Nyundo! Karibu, mzee, wewe ni maarufu kuliko mimi. Maneno aleta mkeo, kila jioni, dirishani hapo."

Mzee akaliangalia dirisha. Akaiweka nyundo chini, na yeye mwenyewe akaketi juu ya gunia la makaa na kanzu yake nyeupe.

"Mke wangu nimemzika tangu mwezi wa mfungo sita," akasema.

Nikangoja acheke. Mimi kama ningekuwa yeye ningecheka, ingekuwa mzaha mzuri sana. Hakucheka. Na ile kafuri ikanirudia puani, nikakumbuka ni wapi pengine nimeinusa: siku babu yangu alipooshwa.

Alikuwa akiitwa Mzee Shee, na mkewe Bi Tima. Aliniambia alikuja kunivunja mtambo, akidhani kuna mtu amdhihaki na msiba wake. Nusu ya njia akaanza kujiuliza. Jina Bwana Nyundo hakuna mtu mwengine aliyewahi kumwita ila Tima, na alimwita kwa siri, ndani. Unga kweli ulilowa. Na vidonge alivitafuta tangu mazishi asivione, akaacha kumeza. Alipovisikia redioni akafungua kopo la kahawa, akavikuta.

"Basi ukavimeza, mzee?"

"Nimeze nipate nini?" Akaliangalia tena dirisha. "Mwanangu, hakunipa radhi. Nilikaa kando ya kitanda chake siku zake za mwisho, yeye aniangalia, mimi namwangalia. Naona midomo yake yataka, naye aona yangu. Nikasema moyoni, leo ataanza. Kesho ataanza. Kufa akafa, na sufuria liko ukutani. Nitamkuta wapi mimi, na kwa uso gani?"

Wimbo ukaisha, redio ikabaki kimya, na watu baadaye waliniambia walidhani stima imepotea.

"Mzee," nikamwambia mwisho, "yeye kaapa hasemi mpaka uanze wewe. Ona vile hajavunja kiapo chake hata sasa. Hakusema nawe. Alisema nami."

Akaniangalia kama nimemzaba kofi. Akaokota nyundo yake akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mama kaja mbio kutoka sokoni. Kasikia kuna gari laranda Likoni, juu lina sinia kubwa, latafuta redio zisizo na leseni. "Zima hilo dude, litoe juu ya tangi, kabla hatujalala ndani sote wawili!" Na mama yangu akisema hivyo mkono uko kiunoni, hata mimi sifanyi mzaha. Nikachukua bisibisi nikapanda juu.

Nikiwa juu nikamwona Mzee Shee yuwaja kichochoroni, kabeba sufuria kubwa la pilau kichwani, na nyundo mkononi. Kitako kipya, lang'aa kama mwezi. Alilifanyia kazi usiku kucha, na njiani watu wamwamkia hata hasikii.

Nikashuka. "Mama, dakika chache tu."

"Gari likija?"

"Likija nitawaambia ni redio ya mzee huyu."

Mama akamtazama mzee, akatazama sufuria. Sijui aliona nini usoni pale. Akaenda akasimama mdomo wa kichochoro kulinda njia, na mwiko mkononi.

Nikawasha, nikampa maiki. Hakujua kuishika, aliishika kama mtu ashikaye kifaranga.

"Tima," akasema. "Ni mimi naanza. Kiapo changu nimekivunja, kafara nitaitoa. Sufuria nimelitia kitako. Ningelitia siku ile ile, ni kiburi tu. Nisamehe, Tima. Nipe radhi." Kisha akalipiga sufuria kwa nyundo yake, mara moja, likalia *ngaaa* kama kengele, ili asikie halivuji.

Tukangoja. Dirisha wazi. Kichochoroni akapita kuku. Kafuri haikuja, bibi hakuja. Mzee akaniwekea maiki mezani taratibu, akasema "ahsante, mwanangu," akatoka, na sufuria akalisahau hapo chini.

Nikazima. Sikufanya ujanja wowote: antena nikaishusha, mtambo nikaufungua kipande kipande, vyote nikavitia ndani ya ndoo, ndoo nikaifunika chini ya makaa. Mama alisimama juu yangu mpaka msumari wa mwisho. Lishike hilo, utalihitaji.

Alasiri ilipopita nikabeba sufuria kumpelekea mwenyewe. Nikaelekezwa nyumba ya mlango wa samawati, nikapiga hodi, sikujibiwa. Lakini ndani nasikia sauti ya kijana aongea, mwenye maneno mengi, mchekeshaji. Nikasukuma mlango.

Mzee Shee kaketi mkekani. Mbele yake redio ndogo ya betri. Na ndani ya redio ni mimi.

Ni mimi! Sauti yangu, na kile kicheko changu cha puani. Mimi mwenyewe nimesimama mlangoni, mdomo nimeufumba, mtambo uko ndooni kwetu, nami najisikia nasema: "Salamu zimfikie Bwana Nyundo, mlango wa samawati, kutoka kwa Tima. Asema radhi ametoa, radhi kamili, ya duniani na akhera. Asema kitako kimekaa upande kidogo, lakini atavumilia. Asema sasa umeze vidonge. Na asema, mwambie huyo aliyesimama mlangoni, mdomo wake namrudishia."

Kisha redio ikakoroma.

Mzee Shee alikuwa akilia na kucheka pamoja. Akaweka mkono kifuani.

"Zimefika, Tima," akasema. "Zimefika."

Alimeza vidonge vyake mbele yangu, na muhogo tukapika sisi wawili. Leo yuko hai, kanenepa, anidai nije nile pilau kila Ijumaa, na sufuria lile haliazimishi hata kwa mufti.

Mimi je? Mimi sikuwasha tena. Lakini hupatikana mtu, pengine kule kivukoni, aniambiaye, "Jana jioni nimekusikia redioni, ulikuwa na salamu nzuri." Zamani ningejisifu. Sasa namuuliza tu: za nani? Akitaja jina, naenda nyumba ile kimya kimya, nauliza kama salamu zimefika. Mpaka leo sijakuta nyumba isiyokuwa na msiba.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu nyumbani mko chumba kimoja na hamneni, kila mmoja angoja mwenzake aanze, nenda. Anza wewe. Vunja kiapo, utoe kafara, kafara ni rahisi. Usingoje mtu aje na kafuri yake kuazima mdomo wa mtu mwengine. Mtambo wangu uko ndooni, dirisha la stoo mama kalipigilia mbao, na mimi, nakwambia kweli, sina hakika kama nikiongea sasa hivi ni mimi peke yangu.