Siku ya Kula kwa Dada

Hata leo nikisikia harufu ya maziwa yanayochemka na iliki, naona aibu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mama zao. Mimi hunikumbusha dada yangu Hansa, aliyeolewa mbali, mji wa Muyinga, na lori ambalo sikulipanda.

Tulikuwa Wahindu wachache wa Gitega, wauza vitambaa wa mtaa wa Magarama. Kwetu kaka na dada wana siku mbili zao. Siku ya kwanza dada humfunga kaka uzi mkononi, na kaka huahidi kumlinda. Ya pili huja baada ya Divali, sikukuu yetu ya taa; tunaiita Bhai Bij. Siku hiyo kaka ndiye aendaye kwa dada, akapakwa nukta nyekundu kwenye paji la uso, kisha akalishwa mpaka ashindwe kuinuka. Dada hufunga tangu asubuhi, hatii kitu kinywani mpaka kaka yake ale. Mimi, mlafi wa kutupwa, niliona hiyo ndiyo dini yenyewe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi, na vita vilikuwa vimefika barabarani. Magari yalikwenda kwa msafara uliolindwa na askari, na hata hivyo si yote yaliyofika. Baba hakutaka kusafiri. Nililia wiki nzima nikitaka kwenda kula Bhai Bij kwa Hansa, mpaka akakubali, akatupatia nafasi katika lori la Mzee Shabani, dereva kutoka Gashoho aliyekuwa akitubebea mizigo.

Asubuhi ya safari nikaona matundu ya risasi kwenye mlango wa lori. Nikaogopa kupanda. Nikasema tumbo linaniuma. Baba akateremsha begi letu bila kunigombeza, akamwomba Mzee Shabani amwambie Hansa kuwa ninaumwa.

Lori lilifika salama. Siku ya tatu Mzee Shabani alirudi na salamu, kopo la peremende za maziwa na iliki alizonipikia Hansa, na kifurushi cha dawa ya tumbo kutoka kwa dada. Baba akaichemsha. Nikainywa yote, chungu kama nini, nikijua kuwa nilimshindisha dada yangu na njaa kwa uongo.

Nilijiapiza kwenda mwaka unaofuata. Lakini kabla ya mwaka kwisha, Hansa na mumewe walikimbia kupitia Butihinda, mpakani, hadi Tanzania, na huko homa ikamuua. Sikumwona tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipomkuta Mzee Shabani, amezeeka, anauza maharage sokoni. Nikakiri kwake uongo wangu.

"Ile siku dada yako alisimama ku barabara tangu asubui," akasema. "Aliona hauko mu gari, akalia. Akasema, 'Mungu asante, hakuja.' Njo pale akaenda kula."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

"Alinikataza. Alisema we ungefikiri hakupendi."

Kumbe hakuwa akiningojea. Alifunga siku ile akiomba nisifike. Nilifikiri habari hiyo ingenipunguzia mzigo, lakini nililia pale pale sokoni, mbele ya watu. Mimi ndiye niliyeahidi kumlinda, na miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akinilinda mimi.