Fundi Aliyesimamisha Harusi

Fundi wa gari la Byabato alikuwa na mdomo mchafu kuliko mikono yake, na mikono yenyewe ilinuka petroli hata akitoka msikitini. Kabureta mbili za gari hilo, zile zinazochanganya petroli na hewa, alizisugua kwa mswaki mkuukuu, akapuliza kila tundu kwa mdomo, akatema, kisha akaitukana injini kana kwamba ni shemeji yake. Byabato, Mkatoliki wa Kanazi aliyerithi gari hilo kwa baba yake, kila tusi alilijibu kwa ishara ya msalaba.

Siku Byabato alipompeleka binti yake Edvina kanisani kuolewa, fundi alijipakia kiti cha mbele bila kualikwa. Katikati ya mlima akapiga kelele, "Simama!" Byabato akasimama. "Waitu, bwana wangu, padri anangoja!" akasihi. "Padri hana kabureta, angoje." Msafara ukipiga honi nyuma yao, fundi alifungua boneti, akachomeka kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha ya pili akaielekeza kwenye kabureta. "Hii ya mbele inavuta hewa kama mlevi, ya nyuma inanusanusa kama mtawa. Kabla ya kufika kanisani gari litazima." Byabato alikaribia kulia. Edvina akashuka, akakusanya shela lake, akauomba ule mpira, akasikiliza huku, akasikiliza kule. Kwa mara ya kwanza tangu Byabato amfahamu, fundi alinyamaza, akimtazama binti usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Ya nyuma bado haijakaa sawa, Tata," bibi harusi akamwambia baba yake. "Mwache amalize."