Baba Alipoacha Kusikia Njaa

Baba alipoondolewa karibu mfuko wote wa chakula kwa sababu ya saratani, ukoo wetu ulijaliwa madaktari ghafla. Kila aliyekuja kumwona nyumbani kwetu Engutoto alikuwa bingwa.

Tatizo lilikuwa moja: Baba hakusikia njaa. Mama alipika mtori, ukapoa. Akapika ndizi kwa maziwa, zikapoa nazo. Shangazi yangu, fundi cherehani, akatoa majibu ya uchunguzi wake: "Kaka yangu ana kiburi. Mnyimeni siku mbili, atakitafuta chakula mwenyewe." Ushauri mwanana, kwa mtu ambaye mbavu zake zilihesabika juu ya shati. Wageni wa kanisani walimwombea apate hamu ya kula, kisha wakathibitisha nguvu ya maombi kwa kumaliza mtori wote wao wenyewe.

Tulimrudisha hospitali, Shangazi akiwa mbele kama mwenye kliniki. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alimwamkia Baba, akamsikiliza, kisha akamgeukia Mama.

"Mama, mzee hakatai. Kuna homoni inayotoka zaidi kwenye mfuko wa chakula. Tumbo likiwa tupu inapanda, inauambia ubongo muda wa kula umefika. Ukila, inashuka. Sasa kiwanda chenyewe tumekiondoa."

"Si mumchome sindano ya hiyo homoni?" Shangazi akauliza. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, alisema jambo la maana.

"Ziko nchi wanakowapa baadhi ya wagonjwa wa saratani waliokonda vidonge vinavyoiga kazi yake. Hapa hatuna, na hata huko si dawa ya kila mtu. Mzee ale kwa saa, kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Asingoje njaa."

Basi simu ya Mama ikaanza kulia mara sita kwa siku, na Baba akala kama anayemeza dawa ya malaria. "Dozi imefika?" aliuliza kila mara. Siku moja Mama alilia.

"Miaka yote nimekupikia, leo chakula changu kimekuwa dozi?"

Baba aliweka kijiko chini. "Utamu wake naujua, mke wangu. Ila ndani hakuna tena anayeniita. Endelea kuniita wewe."



Njaa haikurudi, ila mwili ulirudi kiasi. Sasa Baba huenda shambani kwake Kikatiti na hotpoti mbili za chakula. Shangazi naye huelezea homoni kwenye kila msiba, kama vile aliigundua yeye.