Bi Hebu Apandishwa Jukwaani

Mtaani walimwita Bi Hebu, kwa sababu hakupokea kitu bila kusema, "Hebu nikione." Alikuwa fundi cherehani. Ukimpelekea kitambaa, atakivuta, atakinusa, atakiinua kwenye mwanga. Ukimwambia utalifuata gauni kesho, atakutazama mpaka ujihisi mwongo hata kama hujadanganya.

Basi siku aliyopigiwa simu na mwanamume mwenye sauti laini, akaambiwa amealikwa kwenye mkutano wa kimataifa wa kampuni za intaneti ya simu, alikata kabla yule bwana hajamaliza. Simu ikaita tena, akakata tena. Kuna tapeli aliwahi kumlilia kwenye simu akijifanya mpwa wake yuko hospitali, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ilipoita mara nyingine, aliipokea binti wa kaka yake, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa amekuja kumjulia hali.

"Shangazi, ni kweli," alisema baada ya kusikiliza. "Ni wale wa kampuni ya simu waliokuja kukupiga picha mwaka juzi. Wanataka ueleze unavyopata wateja kwa simu."

"Na wao wanapata nini?"

"Sijui. Wamesema wataleta gari."

"Gari la bure? Bure ghali, mwanangu. Tutakwenda wote."

Gari likaja, safi, na dereva mwenye adabu. Adabu yenyewe ndiyo iliyomtia wasiwasi Bi Hebu. Njia nzima hakuutoa mkono wake kwenye kitasa cha mlango. Walipofika, mlinzi alipekua mkoba wake akatoa mkasi.

"Mama, huu wa nini?"

"Mimi fundi. Nani amekuuliza hilo rungu la nini?"

Mlinzi akatabasamu, akauweka mkasi kando hadi watakapotoka.

Ndani kulikuwa na zulia linalomeza sauti ya viatu, na watu wenye vitambulisho shingoni wakizungumza peke yao, kumbe wana vidude masikioni. Kijana mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni simu inayokunjika kama leso. Kila mtu alicheka. Bi Hebu hakuona cha kuchekesha. Mara akajiona mwenyewe ukutani, mrefu kama mlango, ameinamia cherehani yake, na chini yake maneno ya kigeni.

"Wameandika nini?"

Mwalimu alisoma, akakunja uso. Kabla hajajibu, msichana wa mapokezi alimshika Bi Hebu mkono akamkimbiza jukwaani, mwalimu akaelekezwa kiti cha mbele.

Jukwaani palikuwa na mwendesha mazungumzo na mkalimani, dada aliyejipodoa vizuri. Swali la kwanza lilikuwa alijifunzaje kushona.

"Alinifundisha mama mkwe," akajibu.

Mkalimani akaongea kwa muda unaotosha kupiga pindo la sketi. Ukumbi ukapiga makofi. Bi Hebu akashangaa. Mama mkwe wake anaheshimika, lakini hajapata kupigiwa makofi na mtu.

"Na bila intaneti ungekuwa wapi?"

"Kwenye cherehani yangu."

Mkalimani akaongea tena, marefu zaidi ya yale ya kwanza. Mzee mmoja mbele akapangusa machozi. Hapo Bi Hebu akajua kuna mkono wa mtu. Akamtafuta mwalimu kwa macho, akamuuliza kwenye kipaza sauti hichohicho:

"Mwanangu, huyu dada anasema ninayosema mimi?"

Mwalimu akasimama. "Hapana, shangazi. Anasema ulijifunza kushona kwa video za mtandaoni, na kabla ya hapo hukuwa na kazi. Na ukutani wameandika vivyo hivyo."

Mkalimani akainama. "Nisamehe, mama," alinong'ona. "Nilielekezwa niseme hivyo."

Bi Hebu aliliona jasho likichora mistari kwenye poda yake, akamwonea huruma. Lakini huruma hiyo haikutosha kumnyamazisha. Akamwita mwalimu apande amtafsirie.

"Simu inaniletea wateja, sikatai," alisema. "Wengine wananitumia vipimo kutoka mbali, hatujaonana hata siku moja. Lakini kushona nimefundishwa na mama mkwe. Nilimharibia vitambaa vingi, na hakunifukuza. Yuko hai, yuko nyumbani. Msimtoe kwenye habari yangu."

Waliopiga makofi safari hii walikuwa wachache. Mwendesha mazungumzo akashukuru harakaharaka, muziki ukafunguliwa.

Nje gari halikuwapo. Bi Hebu alikuwa akichukua mkasi wake kwa mlinzi pale sauti laini ya kwenye simu ilipomfikia, safari hii ikiwa na mwenyewe, bwana wa suti aliyekuwa akihema.

"Mama, ilikuwa hitilafu ya tafsiri. Tutarekebisha."

"Na ile ya ukutani nayo ilitafsiriwa na nani?"

Bwana akageuka, akarudi ndani.

Jioni mama mkwe alisimuliwa kisa chote, akasikiliza amefumba macho.

"Na hukuwaambia kwamba nilikuwa mkali?"

"Hata kidogo, mama."

"Mh," alisema bibi, kwa namna ya mtu asiyeamini.

Kesho yake mwalimu alipita tena pale ukumbini. Akarudi kwa shangazi na habari: picha ilikuwa palepale, ila maneno hayakuonekana.

"Wameyafuta au wameyafunika?" Bi Hebu aliuliza.

"Wamebandika karatasi juu yake."

"Basi bado yapo," akasema, na kumwomba apite tena kesho kutwa.