Shati Lile Lile

Fundi viatu alirudi kutoka kliniki amenuna. Daktari alikuwa ameyaangalia mabaka mekundu ya viwiko vyake, ule ugonjwa wa ngozi uliomganda miaka nenda rudi, akamwambia dawa peke yake haitoshi: apunguze mwili, maana unene unauchochea.

"Mwili gani?" alimfokea mkewe, fundi cherehani, kana kwamba yeye ndiye daktari. "Shati hili nalivaa tangu mimba ya kifungua mimba wetu, na mpaka leo linanitosha."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Baba watoto, hebu livue uligeuze."

Akaligeuza. Ubavuni kulikuwa na vipande vya kitambaa vilivyoungwa kimoja baada ya kingine, cha zamani kimepauka, cha karibuni bado kinang'aa.

"Kila nilipoona linakubana nilikuwa naongeza," mkewe alisema. "Sikutaka ujisikie vibaya."

Mzee akavitazama, akijikuna kiwiko, hasira imemwishia njiani. Kisha akamrudishia shati.

"Kifumue hiki cha mwisho," alisema. "Na vifungo vikigoma, mke wangu, usinionee huruma tena."