Siku Niliyompulizia Komando Dawa ya Ng'ombe

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, jua la saa nne, nimesimama katikati ya barabara ya Nsemulwa na bomba la dawa mgongoni, mbele yangu watu wameshika fimbo na mawe. Sijawahi kuona aibu kama siku ile. Ila ukiniuliza leo ni siku gani ya ujana wangu ninayojivunia kuliko zote, nitakutajia hiyo hiyo. Kaa, nikueleze vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Baba alikuwa ametuhamisha na ng'ombe kutoka Shinyanga, tukajenga pembeni mwa Nsemulwa. Wakati huo ni miombo tu mpaka mlangoni, msione leo nyie mnapanga nyumba za bati. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kuogesha ng'ombe. Nilijua kuchanganya dawa ya kupe kuliko vijana wote wa upande ule, haki ya Mungu, na nilijua kwamba najua. Nikipita na bomba langu, kifua mbele. Watu walikuwa wakinitania, "Daktari anapita," na mimi badala ya kucheka naitikia!

Sasa, jirani yetu alikuwa mama mmoja wa kabila la Wapimbwe, mjane, tukimwita Mama Sesilia. Mimi nilimwita Mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Kila mwaka alikuwa anarudi kwao Usevya kuvuna mpunga, na mwaka huo akaja kuniachia mbwa wake, Komando. Mbwa mwekundu, mkubwa, ana sauti ya kuamsha mtaa. Tangu mumewe afariki, yule mbwa ndiye alikuwa mlinzi wake, na ndiye aliyekuwa akiongea naye jioni. Usicheke. Mtu anayeishi peke yake anaongea na kinachomsikiliza.

Alinipa maelekezo amesimama mlangoni. Asubuhi uji au ugali kidogo, jioni ashibe, ugali uchanganywe na supu ya dagaa isiyo na chumvi. Maji yasikauke kwenye bakuli, na bakuli lioshwe. Mifupa ya kuku asipewe, inapasuka vipande vipande na kumchoma tumboni. Chanjo ya kichaa ameshapata. "Na ukiona kitu hukielewi, uliza," akasema. "Sawa, Mayu," nikajibu. Moyoni nilikuwa nacheka. Mbwa anakula kama mkwe!

Kwetu mbwa hakulishwa hivyo. Tuliamini mbwa akishiba halindi, kwa hiyo anarushiwa ukoko wa ugali, basi, mengine atajitafutia. Nikamfanyia Komando hivyo hivyo. Wiki ya kwanza ikaisha, mbavu zikaanza kuonekana, na kupe wamemjaa masikioni kwa sababu nilikuwa namlaza karibu na zizi. Nikaanza kuogopa. Mayu anarudi baada ya siku chache, nitamwambia nini? Na hapo ndipo udaktari wangu uliponipanda kichwani. Nikajisemea, nitamrudisha mbwa huyu anang'aa, hana kupe hata mmoja, mpaka Mayu mwenyewe ashangae.

Jumamosi hiyo nilipomaliza ng'ombe, dawa ilikuwa imebaki ndani ya bomba. Nikamfunga Komando kwenye nguzo, nikamlowesha kuanzia masikio hadi mkia. Na kwa kuwa kupe wa masikioni walikuwa wagumu, nikaongeza dawa kidogo kutoka kwenye chupa, bila kipimo. Mimi, fundi wa vipimo! Kisha nikamwacha akauke juani. Yeye akakaa, akaanza kujilamba.

Haikuchukua muda. Kwanza udenda, halafu mapovu, halafu miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Mdogo wangu Shija akakimbia kuleta maziwa, maana sisi kwetu sumu yoyote dawa yake ni maziwa. Tukammiminia mdomoni kwa nguvu, akapaliwa, akakohoa, akajirusha, kamba ikakatika. Huyo, akatoka kwa kuyumba mpaka barabarani.

Weee! Akina mama walikuwa wanatoka kisimani. Mmoja akatupa ndoo chini na kupiga kelele, "Kichaa! Mbwa kichaa!" Neno hilo, mwanangu, halina mjadala, na watu wana haki ya kuliogopa, maana kichaa cha mbwa kinaua. Wanaume wakatoka na fimbo, wengine mawe. Komando alikuwa ameanguka, anajaribu kuinuka, hawezi.

Shija akanivuta shati. "Kaka, waache wamuue. Mayu tutamwambia alipata kichaa. Nani atajua?"

Na kweli, nani angejua? Hilo ndilo lililonitisha. Ningenyamaza dakika moja tu, mambo yangeisha, na udaktari wangu ungebaki salama. Nilimwona yule mbwa ananitazama kwa macho yaliyojaa machozi ya dawa, na mkia anautikisa kidogo. Ananitikisia mkia mimi!

Nikaruka mbele yao na bomba mgongoni. "Jamani, acheni! Hana kichaa, amechanjwa. Ni mimi. Nimempulizia dawa ya ng'ombe, nimeizidisha."

Halafu mzee mmoja akasema taratibu, "Wewe, Maduhu? Daktari?" Watu wakacheka. Wakacheka hasa, wengine wameshika mbavu. Nami nilisimama pale pale mpaka fimbo ya mwisho ikashushwa. Hapo niseme jambo: wewe usije ukamsogelea mbwa anayetokwa na mapovu kama humjui wala hujui kimempata nini. Kaa mbali, zuia watoto, ita wataalamu. Mimi nilijua chanzo, kwa kuwa chanzo nilikuwa mimi.

Tukamfunga kwenye gunia, kichwa nje, nikampakia kwenye baiskeli mpaka mtaa wa Majengo kwa bwana mifugo. Chupa ya dawa niliichukua, na hilo ndilo jambo la akili nililofanya siku nzima. Bwana mifugo alimwangalia, akauliza kwa haraka, "Nyoka?" Shija akanitazama. Nikamkabidhi bwana mifugo chupa, nikamweleza yote, hadi maziwa.

Aliisoma ile karatasi ya kwenye chupa huku anatikisa kichwa. Akamchoma sindano, kisha akaniamuru nimwoshe kwa sabuni na maji mengi, nimevaa mifuko ya nailoni mikononi, nirudie mpaka harufu iishe. "Kumwosha kulitakiwa kuanzie nyumbani," akanikaripia. "Na mnyama anayetetemeka usimmiminie kitu mdomoni, kinaingia kwenye mapafu. Mbwa ni mdogo, halafu anajilamba. Dawa ya ng'ombe mwenye kilo mia tatu unampa huyu? Na njaa hii aliyonayo! Ungenidanganya kuhusu nyoka, ningehangaika na nyoka, na mbwa wako angekufa hapa mezani."

Siku mbili Komando hakusimama. Nililala naye chumba kimoja, nampa maji kidogo kidogo alipoanza kumeza vizuri, kisha uji mwepesi. Siku ya tatu aliamka mwenyewe akaenda kwenye bakuli. Mwanangu, niliimba! Shija alidhani nimechanganyikiwa.

Mayu aliporudi kutoka Usevya sikusubiri aambiwe na watu. Nilikwenda kwake na Komando kabla hajatua mizigo, nikamwambia njaa niliyompa, dawa, barabarani, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akampapasa mbwa mbavu, moja moja, kama anazihesabu, halafu akaniinulia macho.

"Sikukuachia mbwa umfuge kama mbwa wenu," akasema. "Nilikuonyesha anakula nini, ukaona mimi sijui, kwa kuwa wewe una ng'ombe mia. Nilikuambia uliza. Kuuliza kungekupunguzia nini, Maduhu?"

Akaingia ndani na mbwa wake, akafunga mlango bila hasira. Afadhali angenichapa.

Mwaka mzima nilikwenda shule, shule yangu mwenyewe. Kila nilipopita Majengo niliingia kwa bwana mifugo kuuliza: minyoo dawa gani, kila baada ya muda gani, dawa gani ya kupe ni ya mbwa, paka je. Mbwa wetu wa nyumbani nikaanza kuwashibisha, baba akaguna, lakini aliona mwenyewe wanavyolinda. Mbwa aliyeshiba hakuhama zizi kwenda kutafuta mizoga. Fisi walikoma.

Mavuno yaliyofuata, asubuhi nakamua, nikasikia hodi. Ni Mayu, mizigo kichwani, Komando kwenye kamba. Akanipa kamba mkononi. "Nakwenda Usevya," akasema, na safari hii hakunieleza anakula nini. Akashika njia, wala hakugeuka nyuma kuangalia.

Nililia, sikufichi. Leo watu wanatoka Katumba na Majengo kuja kuniuliza habari za mbwa na paka wao, na wananiita daktari bila utani. Hakuna heshima niliyowahi kupewa ikaifikia ile kamba.

Basi wosia wangu ndio huu. Ukifuga, lisha. Mnyama hapati ukali kwa njaa, anapata ugonjwa. Maji safi yawepo muda wote. Chanjo ya kichaa usiikose hata mwaka mmoja, na minyoo usiisahau. Dawa ya mnyama mmoja usimpe mwingine, hata mikono yako iwe imeizoea namna gani. Paka ndiyo kabisa, mara moja tu amekufa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mapema na sema ukweli wote, huku bado kuna anayeweza kuokolewa.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, kila kinachokutegemea kishibe na kilale salama uani kwako. Na akujalie jirani atakayekukabidhi kipenzi chake, ashike njia, asigeuke nyuma.